Nyota tatu na nusu kwa ofisi ya ushauri wa MBA iliyonikataza kutuma maombi Januari

Nianze na ngazi, maana ndizo zinazokupokea. Ofisi iko ghorofa ya pili nyuma ya Moi Avenue, juu ya duka la vipuri vya magari, na unapanda na harufu ya grisi na mpira mpya mpaka mlangoni. Taa ya ghorofa ya kwanza imeungua. Ndani kuna vyumba viwili: cha mbele yumo kijana wa mapokezi na printa inayolia kama cherehani ya zamani, cha nyuma yumo mwenyewe, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya benki, na kila aingiaye humwita mwalimu. Jina la ofisi silitaji. Nina lawama zangu huku chini na yeye hayupo kujibu. Wa Mombasa mnaotafuta mambo haya mtaijua tu, hatuna nyingi.

Niliingia mle Novemba 2023 na haraka ya mtu anayeona feri inaondoka. Nilikuwa na miaka 30. Nilikuwa nimeshaamua kwamba natuma maombi ya MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, Januari, raundi ya pili ya kupokea maombi, vyuo vitano kwa mpigo, na nilichotaka kwake ni mtu wa kunisomea insha na kusahihisha viambishi vyangu vya Kiingereza. Basi.

Faili langu lilikuwa hivi, na naliweka wazi kwa sababu maoni haya yatakufaa tu kama lako linafanana nalo. Digrii ya biashara, sekandi loa (daraja la pili la chini), 2016. Mwaka wa tatu alama zilishuka vibaya kwa sababu nilikuwa nasoma mchana na jioni nahudumu kwenye hoteli ya shangazi yangu Majengo. Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini. Nilianza 2017 kama karani wa kujaza entri za forodha. Halafu mnakumbuka Agosti 2019, amri ilipotoka kwamba mizigo inayoingia yote ipande reli mpaka bara? Mombasa ilikauka. Watu waliandamana kila Jumatatu, CFS, zile yadi za kontena nje ya bandari, zikabaki viwanja vya paka, na Februari 2020 nami nikapewa barua. Mwezi uliofuata korona ikaingia. Miaka miwili na nusu na zaidi sikuwa na kazi ya ofisi. Nilikaanga viazi karai na mahamri na shangazi. Amri ilipoondolewa Septemba 2022, serikali mpya ilipoingia, bosi wangu wa zamani akanipigia simu, na Novemba nikarudi kwenye meza ileile. Mtihani wa GMAT, ule wa kuombea nafasi ya MBA, sikuwa nimeufanya. Refarii, yaani watu wa kuniandikia barua za mapendekezo, nilikuwa nao wawili: bosi aliyenirudisha mwaka mmoja tu uliopita, na mhadhiri ambaye nilipompigia aliniuliza, "Wewe ni yupi, mwanangu?"

Kwa ufupi, faili dhaifu. Na si kwamba sikujua. Lakini kabla ya kufika hapo kwa mwalimu nilikuwa nimeshaliwa elfu ishirini na watu wengine wa mtandaoni, walionitumia ujumbe wa sauti mtamu kama kashata: "Dada, wasifu wako ni mzuri mno, tunatuma Januari, wewe lipa amana tu." Hawakuniomba hata nakala ya alama za chuo. Pesa hazijarudi mpaka leo. Nimejifunza kwamba anayeuza kwa idadi ya maombi hatakwambia hata siku moja kwamba si wakati wake, kama vile muuza samaki hatakwambia jana ndiyo alikuwa na wabichi.

Mwalimu yeye aliomba karatasi ya alama kwanza. Alichukua rula ya mbao, akaiweka chini ya kila mstari, akashuka nayo taratibu na penseli mkononi, akizungushia kila somo lenye hesabu ndani yake. Takwimu, C. Hesabu za biashara, C. Uchumi wa pili, D. Feni inazunguka, karatasi zinataka kuruka, yeye amezikandamiza kwa kikombe cha kahawa. Alipomaliza hakusema mbaya wala nzuri. Aliniuliza swali moja, na kama ofisi hii inastahili nyota yoyote, inaistahili kwa swali hilo: "Mwanangu, tukituma Januari, na tukituma Septemba, ni karatasi gani humu ndani itakuwa imebadilika?"

Nilikasirika. Nilimwambia nina miaka thelathini, sina muda wa kubadilisha makaratasi. Akachukua bahasha iliyotumika, akaichora mstari katikati. Upande mmoja akaandika digrii na ile miaka ya viazi karai. "Hizi hazibadiliki mpaka Kiama, kwa hiyo zisikucheleweshe hata siku moja." Upande wa pili akaandika mtihani, cheo, refarii, hesabu. "Hizi zote kwako leo ni sufuri. Sufuri nne unazipeleka wapi Januari?"

Mnisikilize vizuri hapo, kwa sababu watu wengi huchanganya. Mtu mwenye sekandi loa huweza kukaa miaka mitano akingoja sekandi loa igeuke sekandi apa. Haigeuki. Kinachoweza kufanyika ni kuweka kitu kingine kando yake kitakachomfanya msomaji aamini kwamba hesabu sasa unaziweza. Kwangu mwalimu alipendekeza mambo mawili: alama nzuri ya GMAT upande wa hesabu, na karatasi mbili za CPA, mitihani ya uhasibu ya bodi yetu ya KASNEB, zile zenye namba nyingi, nizifanye na nizipite. Hili la KASNEB sijaliona kokote kwenye ushauri wa Wazungu, wao hutaja kozi za mtandaoni za dola mia kadhaa, na mimi naliona ni la maana sana kwetu. Ada yake mtu wa kazi anaimudu, mtihani ni wa kweli wenye msimamizi na jina lako kwenye matokeo, na ukifeli unajua umefeli.

Kuhusu raundi zenyewe alinieleza mengi kwa dakika kumi kuliko niliyosoma mimi mwezi mzima. Vyuo vingi vya Marekani hufunga raundi ya kwanza Septemba au mwanzo wa Oktoba, ya pili mwanzo wa Januari, ya tatu Machi au Aprili. Ya tatu mwombaji wa kutoka nje aiogope: viti vingi vimeshakaliwa, pesa za ufadhili zimeshagawiwa, na hata ukipata nafasi muda wa viza unakuwa kama wa kukimbiza matatu. Harvard wao raundi ya tatu ya kawaida waliifuta kabisa, wana mbili. Baina ya ya kwanza na ya pili, alisema, tofauti si kubwa ya kumfanya mtu apeleke kitu kibichi. Na kuna jambo ambalo mimi sikulijua na lilinishtua: ukikataliwa raundi ya kwanza, kwa kawaida huwezi kurudi raundi ya pili ya mwaka uleule kwa chuo kilekile. Unangoja mzunguko mzima. Unaporudi, vyuo vingi hukuuliza kwa insha kabisa nini kimebadilika tangu mara ya kwanza. Kwa maneno mengine lile swali la bahasha utaulizwa tu. Afadhali ujiulize mwenyewe kabla hujalipa ada.

Na ada si mchezo. Sisi wa bandarini hesabu ya dola tunaijua kwa moyo, bili za meli zote ni dola. Januari 2024 dola ilikuwa imefika shilingi 160. Chuo kinachotoza dola 250 kingenikata shilingi 40,000 kwa ombi moja, na nilitaka kutuma matano. Septemba ileile dola ilikuwa 129 na chuo hichohicho ni 32,250. Hilo mwalimu hakulijua wala mimi sikulijua, ni bahati tu, lakini nimelitia kwenye hesabu ya faida za kungoja na hakuna wa kunizuia.

Sasa lawama.

Ya kwanza ni vitabu. Ofisi hii pia hufundisha GMAT, Jumamosi asubuhi, watu sita kwenye kile chumba cha mapokezi, na hapo ndipo nilipotaka kurudisha nyota zote. Novemba 2023, mwezi uleule niliojiandikisha, mtihani ulibadilika. Uliokuja ni mfupi, saa mbili na dakika 15, sehemu tatu za dakika 45 kila moja, alama kuanzia 205 hadi 805 na zote huishia na tano. Jometria wameitoa. Kule kusahihisha sentensi wamekutoa. Insha ya mtihani wameitoa. Wakaingiza sehemu ya kusoma data, majedwali na grafu. Ofisi yetu je? Ilikuwa na kitabu cha fotokopi, kimefungwa kwa utepe mweusi, ukurasa wa kwanza una doa la mchuzi, na Jumamosi mbili kamili nilizokaa pale nilifundishwa pembetatu. Pembetatu! Nimekariri eneo la duara kwenye tuktuk kutoka Kisauni mpaka mjini, nalisema kama wirdi, kumbe halimo. Nililigundua mwenyewe usiku mmoja nilipofungua yale majaribio mawili ya bure ya wenye mtihani. Jumamosi ya tatu nikamuuliza mbele ya wenzangu. Kwa haki yake, hakubisha. Alivua miwani, akaniomba simu, akasoma dakika tano nzima sote tumenyamaza, kisha akasema, "Basi hiki ni cha kufungia maandazi." Wiki iliyofuata tulikuwa na kitabu kipya. Lakini pesa za zile Jumamosi mbili hakuna aliyerudishiwa, na mimi niliuliza.

Ukienda, uliza wanatumia toleo gani kabla hujakaa.

Mtihani wenyewe nilifanyia Nairobi. Unaweza kuufanyia nyumbani kwa kompyuta yako, lakini kwa stima ya kwetu na jogoo wa jirani sikuthubutu. Nauli ya treni ilikuwa imepanda Januari ile kutoka 1,000 hadi 1,500, nikapanda ya saa tisa alasiri kutoka Miritini, nikalala kwa binamu. Mara ya kwanza, Aprili 2024, nikapata 555. Mwalimu aliniambia niisome kwa jicho la sasa: 645 ya mtihani mpya ndiyo iko mahali ilipokuwa 700 ya zamani, kwa hiyo nisilinganishe na watu wa miaka ya nyuma nikajinyonga bure. Mara ya pili niliipanga wiki ya mwisho ya Juni, ile ya maandamano ya vijana, nikalipa kuisogeza hadi Julai. Nikapata 605. Si alama ya kupigia tarumbeta, lakini upande wa hesabu ulipanda kuliko pande zote, na huko ndiko karatasi yangu ilikokuwa na tundu. Na uzuri wa mtihani mpya ni kwamba unaona alama kwanza, ndipo unachagua chuo gani kitumiwe. Ile 555 hakuna aliyeiona ila mimi, mwalimu na mamangu, ambaye aliuliza ni ngapi kwa mia.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi, na hii ni ya rai. Ukutani nyuma ya kiti chake kuna karatasi imechapwa kwa herufi kubwa: haraka haraka haina baraka. Mwalimu ameimeza hiyo methali nzima nzima. Kila mtu aliyeingia wakati nipo alimwambia angoje. Kulikuwa na kijana mmoja wa Bamburi, mhasibu, miaka 29, alama ya mtihani anayo tayari na ni nzuri kuliko yangu, kazi ileile miaka minne na haendi kupandishwa popote kwa sababu kampuni ni ya baba na watoto. Udhaifu wake ulikuwa digrii tu. Naye aliambiwa angoje, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili wa kungoja. Kungoja nini? Ukimpima kwa lile swali la mwalimu mwenyewe, karatasi gani itabadilika Septemba, jibu ni hakuna, ila tarehe ya kuzaliwa. Mtu kama huyo atume raundi iliyo mbele yake kesho asubuhi. Wahenga haohao ndio waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na ukuta una nafasi ya karatasi mbili.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba umri ni karatasi inayobadilika nayo, kwa ubaya. Darasa la vyuo vikubwa vya Marekani ni watu wenye kama miaka mitano hivi ya kazi. Mimi nikingoja sana naingia pale nikiwa shangazi yao. Chuo cha biashara cha INSEAD kule Ufaransa na Singapore wastani wa umri ni kama 29, kozi ni miezi kumi, na wana kuingia mara mbili kwa mwaka, Januari na mwisho wa Agosti. Kwa mtu wa umri wangu kalenda ya namna hiyo ina maana, kwa sababu kuchelewa miezi sita si kuchelewa mwaka. Mwalimu alikuwa hana habari ya kuingia Januari. Faili zake zote zimepangwa kwa kalenda ya Marekani. Tulibishana pale mpaka kijana wa mapokezi akachungulia mlangoni kuona kama kuna usalama. Mwisho alikubali kuandika pembeni ya bahasha yangu: "Septemba 2024, isizidi." Nilimtaka atie sahihi. Alitia. Bahasha ninayo.

Nije kwenye insha, ambazo ndizo nilizodhani nimezifuata.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na shauku ya uongozi, na maono, na bara la Afrika lilikuwemo mara nne. Mwalimu aliisoma mpaka mwisho bila kugusa kalamu, akaigeuza uso chini, akauliza, "Kazini kwako mwezi huu kumeharibika nini?"

Ilikuwa Mei. Kilichoharibika kilikuwa avokado. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi ziliacha kupita Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikawa zinazunguka Afrika Kusini kwenda Ulaya. Safari ikaongezeka kama wiki mbili, na ratiba zote zikawa ndoto: unaambiwa meli inatia nanga Jumanne, inakuja Jumatatu ya pili. Avokado zinatoka bara zimeshachumwa, zinakaa kwenye kontena ya baridi bandarini, umeme unalipiwa kwa siku, na tunda halijui habari za vita. Mimi Machi ile nilikuwa nimepandishwa kusimamia mizigo inayotoka, watu sita chini yangu. Nilichofanya si kikubwa. Nilianza kufuatilia meli yenyewe ilipo badala ya kuamini ratiba, nikaweka jedwali, na nikamkataza mteja kupakia kontena hata moja mpaka meli iwe imekaribia kweli. Mteja alinipigia kelele siku tatu.

"Kontena ngapi?" akauliza mwalimu.

"Kumi na moja."

"Zilizooza?"

"Mbili. Za kwanza, kabla sijashtuka."

"Anza na hizo mbili."

Nikamwambia insha ni ya kujisifu, nianzeje na uozo? Akasema anayesoma pale ameshasoma viongozi wenye maono mia tangu asubuhi, lakini hajanusa kontena ya avokado iliyofunguliwa siku ya arobaini. Basi nikaandika harufu. Niliandika maji ya kijani yanavyochuruzika chini ya mlango, na mtu wangu mmoja alivyotapika kando ya gurudumu, na mimi nilivyosimama na ubao wa karatasi sijui pa kuandika. Kisha jedwali. Kisha zile tisa zilizofika. Maneno ya shauku yakatoka yenyewe bila kufukuzwa.

Na hapo ndipo hasira yangu ya Novemba ilipoisha. Hayo yote, cheo, watu sita, avokado, Januari hayakuwepo. Hata barua ya bosi. Ningemwomba Desemba 2023 angeandika kwamba mimi ni mfanyakazi mwema nafika kwa wakati. Agosti aliandika kurasa mbili, na akawataja wale wateja wawili ambao mwenyewe sikujua kwamba walimpigia.

Kuhusu ule ufa wa 2020 hadi 2022, mwalimu alinipa sentensi nne tu kwenye ile insha ya hiari. Amri ya reli, barua ya kuachishwa, korona, viazi karai, nikarudi. Nilitaka kueleza dhuluma yote kwa urefu, maana inaniuma mpaka leo. Alikataa katakata. Digrii ilipata sentensi tatu, na hakuna hata moja iliyoanza na "kwa bahati mbaya". Hapa ana mkono mzuri sana.

Bei: kikao cha kwanza nusu saa ni bure. Kusoma faili na kupewa rai, 3,500. Masomo ya Jumamosi, 1,200 kwa siku. Insha na maombi, 12,000 kwa chuo, na nilifanya vyuo vinne. Risiti hupati mpaka uombe, na ukiomba kijana anaitafuta kama inakaa Lamu. Kila ukurasa unaochapwa ni shilingi kumi juu, jambo ambalo kwa mtu aliyelipa elfu arobaini na nane ni uchoyo wa hali ya juu. Kahawa chungu bure, na ni nzuri.

Mambo ya pesa ya karo usiende kwao kabisa. Hawajui. Habari ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ambayo dirisha lake hufunguliwa Agosti na inataka saa 2,800 za kazi ambazo mimi ninazo hadi za kugawa, nilikumbushwa mwisho wa Oktoba, kwa salamu ya WhatsApp iliyoambatanishwa na picha ya waridi. Nilijaza usiku mbili na nilijaza vibaya, najua. Wakopeshaji wa nje wanaokopesha bila mdhamini nimewatafuta mwenyewe, nikakuta kila mmoja ana orodha yake ya vyuo. Kama ningeijua orodha hiyo mapema, chuo kimoja kati ya vile vinne nisingekipoteza ada. Hilo nalo ni suala la wakati, na mtu anayejiita mshauri wa wakati ilimpasa alijue.

Matokeo, maana najua mmeruka hapa moja kwa moja. Nilituma vinne Septemba 2024, viwili Marekani, viwili Ulaya. Kimoja cha Marekani kilinikataa bila hata mahojiano. Cha pili kilinihoji, kikaniweka kwenye orodha ya kusubiri, na huko bado nipo nasubiri, nimezoea. Kimoja cha Ulaya kilikataa. Kingine kimenichukua, kwa punguzo la karo ambalo bado haliniwezeshi, lakini limenitoa machozi. Kwenye mahojiano yule mama aliniuliza kuhusu jambo moja tu kwa dakika ishirini, na lilikuwa ni avokado. Sekandi loa hakuigusa.

Yule kijana wa Bamburi alituma Januari iliyofuata bila kumwambia mwalimu. Kwenye ngazi tulikutana, mimi nashuka, yeye anapanda kuchukua nakala zake za vyeti, akaniomba nisimseme. Sijamsema.

Ofisi inafunguliwa saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja, Ijumaa wanafunga saa sita na nusu kwa swala na hurudi saa nane na zaidi, zaidi kuliko nane. Nenda na karatasi za alama halisi, si picha ya simu. Ukipanda shika ukuta wa kushoto. Ile taa nimeisema tangu Novemba 2023, na mara ya mwisho kijana aliniambia fundi yuaja.